Bata Mzinga wa Delmar

Wahenga waliposema mshika mbili moja humponyoka, hawakumlenga mtu yeyote. Lakini lau wangalimjua Delmar Hruska wa Nebraska, Marekani, wangalimtaja kwa jina. Maana yao ni kwamba atakaye kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja ajiandae kupoteza moja, na mara nyingi linalopotea ndilo lililokuwa na maana.

Delmar alikuwa fundi wa matrekta, mcheshi, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Kila Novemba, kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huila kwa bata mzinga wa kuoka, klabu ya walenga shabaha ya mji wao huandaa mashindano ya kudungua visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na mshindi huondoka na bata mzinga mnono. Kila mwaka bata huyo alikwenda kwa Fern Vavra, mjane mwenye mvi na shabaha isiyo na huruma. Safari hii Delmar aliapa ni zamu yake. Alimkataza mkewe Arlene kununua bata dukani, kisha, kama kwamba hilo halikutosha, akampigia simu mama mkwe wake huko Omaha na kumwahidi bata wa ushindi mezani. Bi Libuse, tangu bintiye aolewe, hakuwahi kumsifu mkwewe kwa lolote. Alijibu neno moja tu: "Tutaona." Neno hilo lilimchoma Delmar kuliko tusi.

Bunduki yake aliirithi kwa baba yake, nayo ilikuwa ya kipimo cha zamani. Risasi zake maduka ya huko hayaziweki tena, wala za mwenzako haziingii, kwa hiyo Delmar alizijaza mwenyewe nyumbani, katika chumba cha chini. Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki utani. Unachukua ganda tupu, unalitia fataki mpya ya kuwashia kitakoni, unamimina kipimo cha baruti, unatia kizibo cha plastiki na marisau, zile punje za chuma, halafu unafunga mdomo. Kila mlenga shabaha anajua kuwa mezani pale hapana redio wala soga.

Tatizo ni kwamba Jumamosi ile timu ya chuo kikuu cha jimbo ilikuwa ikicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Delmar akaona isiwe taabu, mikono ifanye kazi na masikio yafuate mchezo redioni. Arlene alishuka ngazi akamwambia azime redio au aache mashine ya kujazia risasi. Mume akacheka, akamjibu kuwa masikio yake hayajazi baruti.

Basi mpira ukapamba moto. Kijana mmoja wa timu yao akaunyaka na kukata uwanja mzima, mpaka mstari wa mwisho. Delmar aliruka kitini, akazunguka chumba akishangilia kama mwendawazimu. Aliporudi mezani hakukumbuka alikuwa amefikia wapi. Akavuta mkono wa mashine, akaendelea.

Siku ya mashindano alipiga vizuri ajabu. Mmoja mmoja wenzake wakatoka, hata wakabaki yeye na Fern, sare. Delmar akaanza kumtania bibi wa watu, akimwuliza kama tanuri lake, likikosa bata, litaota utando wa buibui mwaka huu.

"Piga, kijana," Fern akamwambia. "Mdomo haudungui kisahani."

Delmar akaita kisahani, kikaruka, akafyatua. Badala ya mlio ikatoka puf, kama kikohozi cha kanisani, na kisahani kikaenda zake. Mkono wake ulikwishaingia mfukoni kutafuta risasi nyingine.

"Usiweke nyingine," Fern akasema kwa ukali. "Mtutu uelekeze kule kule. Subiri kwanza, isije ikalipuka kwa kuchelewa."

Wakasubiri. Bunduki ilipofunguliwa na kukaguliwa, kizibo kilikutwa kimekwama katikati ya mtutu. Lau angalipiga ya pili, mtutu ungalimpasukia usoni. Delmar aliogopa, wala hakuona haya kuogopa.

Kizibo kikasukumwa nje kwa ufito, na mwamuzi akasema sheria inamruhusu kurudia. Hapo Arlene, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, akamsogelea mumewe.

"Del, hiyo haikuwa na baruti. Sasa baruti yake imekwenda wapi?"

Delmar akazitazama risasi zake. Zilifanana zote kama punje za mahindi, na huenda mojawapo ilibeba vipimo viwili vya baruti, vya kuipasua bunduki. Akamfikiria bata. Akalifikiria lile "Tutaona", na moyo ukamuuma kwelikweli. Kisha akazitia zote katika kasha moja ili akazifungue nyumbani na kuzimwaga, akamgeukia mwamuzi. "Mimi nimeishia hapa. Mpeni Bi Fern ndege wake."

Alhamisi ya sikukuu, mezani palikuwa na soseji, kabichi na matonge ya unga. Bi Libuse akauliza bata yuko wapi, na Delmar akamsimulia yote, redio, shangwe na puf, bila kujitetea. Mama mkwe alimsikiliza, akamtazama sana, kisha akamjazia sahani kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanamume anayejua kuweka bunduki chini, binti yangu hakukosea kuolewa naye," akasema. "Na mpira je?"

"Niliusikia wote, mama."

"Basi ukate huo mpira tule," akasema Bi Libuse, akicheka hadi machozi. "Mshika mbili, mwanangu, moja humponyoka."