Filamu Iliyofungwa Kesho Yake

Mnunuzi mmoja wa viazi pale Uyole alikuwa na mke mmoja, mizani moja na ugonjwa mmoja: hakuridhika na kitu mpaka kiongezwe. Jina lake Ambakisye. Akienda shambani, gunia ambalo wengine waliliona limejaa, yeye aliliona nusu. Alitaka lumbesa, gunia lililorundikwa mpaka likaota kichwa, likashonewa kamba juu ili viazi visimwagike. Wakulima walimnung'unikia, lakini hawakumchukia, maana alikuwa mcheshi na alilipa papo hapo. Mkewe, Tusekile, alikwisha kumzoea. Alimwona kwa macho yake akimbembeleza fundi cherehani amwongezee mfuko wa tatu kwenye suruali, na mfuko wenyewe hakuwahi kuutia kitu. Ambakisye aliamini kwa moyo wote kwamba kingi ndicho kizuri, na biashara haikumpa sababu ya kuamini vingine.

Binti yao wa mwisho, Atuganile, alipoolewa Njombe, nyumba iliwabakia wawili. Kimya kiliingia, kikakaa sebuleni kama mgeni asiyeaga. Tusekile hakutaka mali, wala hakutaka safari. Alitaka jioni moja moja mumewe akae naye, wacheke jambo moja, walizungumze tena asubuhi wakinywa chai. Ndipo siku moja kwenye king'amuzi akaona tangazo la filamu mpya, habari za mzee na mkewe waliosahauliwa njiani na basi la harusi ya mtoto wao. Filamu yenyewe ilikuwa ya kukodi. Unalipa kwa simu, inafunguka, unaitazama hadi kesho yake jioni, kisha inajifunga.

"Baba Atu, Jumapili tuikodi, tuitazame wote wawili," alisema.

Ambakisye aliona jinsi macho ya mkewe yalivyong'aa, ila aliyapita, akaenda moja kwa moja kwenye bei. Alishtuka. Kwa pesa ile ungeingia banda la video la sokoni mpaka makalio yachoke na benchi. Kwa pesa ile mwenye duka la kujaza filamu angekujazia flashi nzima, zote zimetafsiriwa, na mtafsiri anakuchekesha juu yake. Tena ukisubiri mwaka uishe, filamu ileile itaoneshwa bure. Lakini kilichomuuma zaidi ni lile neno kukodi. Yaani alipe, halafu kesho isiwe yake? Katika kazi yake, aliyelipa aliondoka na mzigo. Alivaa viatu.

"Ngoja nikuletee filamu, Mama Atu. Siyo filamu moja. Filamu!"

Bwana Sanga, mwenye duka, alimjazia flashi mpaka kompyuta ikakataa. Ambakisye akamwambia aongeze.

"Imejaa, mzee wangu."

"Ongeza kichwa."

"Flashi haina lumbesa, Baba Atu!" Sanga alicheka mpaka akashika meza, lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa biashara, alimjazia na flashi nyingine kuukuu kama nyongeza. Ambakisye alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alikuwa na furaha ya kweli, msimcheke. Alidhani anampelekea mkewe zawadi.

Jumapili ilipofika Tusekile alichemsha chai ya tangawizi, akavuta kochi karibu na televisheni. Filamu ya kwanza ikaanza. Kabla waigizaji hawajasalimiana, Ambakisye akakumbuka kwamba zipo nyingine. "Hii inajivuta," akasema, akabonyeza rimoti. Ya pili ilikuwa na kelele. Ya tatu ilimshika Tusekile: mzee mmoja alikuwa anamtafuta ng'ombe wake mlimani, anamwita kwa jina kama mtoto. Tusekile aliweka kikombe chini. Ambakisye akabonyeza.

"Sasa ng'ombe amepatikana?" Tusekile aliuliza.

"Tutairudia. Ipo."

Hawakuirudia. Jumapili iliyofuata zilifunguliwa nyingine, na iliyofuata nyingine, zote zikaachwa njiani. Ambakisye alipita kwenye filamu zile kama anavyopita sokoni, akitia mkono gunia hili na gunia lile, akitafuta viazi vikubwa zaidi ya hivi alivyoshika. Baadaye Tusekile akaanza kuja sebuleni na sufuria la njegere za kumenya. Kisha akaanza kumenyea njegere jikoni. Ambakisye alimwita, "Mama Atu, njoo uone hii!" Akija, alikuta mumewe ameshahama. Akarudi zake jikoni, na Ambakisye, aliyejua kusoma uso wa mkulima kabla hajataja bei, hakuusoma uso wa mkewe.

Sasa, kinamama wa kikoba chao walikuwa na tabia moja nzuri: jambo lililomshinda mmoja waliligawana. Tusekile alipowasimulia habari za ile filamu ya kukodi, hawakumpa pole. Walichanga. Kila mmoja akatoa kidogo, akabeba na chakula chake, wakaenda kwa Mama Lusekelo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye televisheni kubwa kuliko busara, kama wenyewe walivyomtania. Jumapili hiyo mchana Tusekile alijifunga khanga yake nzuri, akamwambia mumewe chakula kipo mezani, akatoka.

Ambakisye alibaki na flashi zake mbili. Hakukuwa na wa kumuuliza kwa nini anabadilisha. Alifungua, akafunga, akafungua. Kupitia ukutani akasikia kicheko. Kilikuwa cha watu wengi, lakini ndani yake alikitambua kimoja, kile cha Tusekile kinachoanza kwa kukohoa na kuishia kwa kupiga mapaja. Akajiuliza amekisikia lini mara ya mwisho sebuleni mwake. Alitafuta, hakukumbuka. Moyo ukamuuma. Alimwonea wivu mtu asiyemjua, labda yule mzee wa kwenye filamu, aliyemchekesha mke wake.

Alivumilia kidogo, akashindwa. Akaenda kwa Mama Lusekelo, na kwa kuwa hakutaka kusema kilichomleta, alisimama mlangoni akauliza chumvi iko wapi.

Kinamama wakaangua kicheko. "Chumvi iko pale pale ilipo tangu ulipooa, shemeji!" Mama Lusekelo alisema, bila kugeuza shingo. Na hilo ndilo lililomshangaza Ambakisye: hakuna aliyegeuka. Mmoja alikuwa ameshika kipande cha kiazi njiani kuelekea kinywani, amekisahau. Mwingine simu yake iliita, akaikalia. Chumba kizima kilikuwa kimetulia kama watu wanaomsikiliza daktari.

"Mama Atu," Ambakisye alisema kwa unyonge, "nyumbani zipo tele, huku unafuata nini?"

Tusekile hakuondoa macho kwenye televisheni. "Zile zipo tu, Baba Atu. Hii kesho inafungwa, ndiyo maana tumekaa."

Kisha akasogea kwenye mkeka, akapiga mahali palipobaki wazi kwa kiganja. Ambakisye akavua viatu, akaketi. Mwanzo ulikuwa umempita, akanong'ona kuuliza yule mzee ni nani, akanyamazishwa na watu wote kwa pamoja. Akakaa kimya kama mwanafunzi. Alitazama yule mzee na mkewe wakitembea barabarani na nguo zao za harusi, wakigombana nani aliyesababisha waachwe, mpaka wakasahau walikokuwa wanakwenda. Alicheka. Kuna mahali pengine macho yalimjaa, akasingizia moshi, na moshi haukuwapo. Mkono ulitafuta rimoti mara kadhaa, kwa mazoea, ukakuta mkono wa Tusekile, ukatulia hapo.

Wakati wa kurudi, Tusekile alimsimulia ule mwanzo uliompita. Nyumba zao zimepakana, lakini simulizi ilikuwa ndefu kuliko njia, basi wakasimama nje ya mlango wao huku Ambakisye akiuliza, "Halafu?" Tusekile akaigiza basi linavyoondoka, akaigiza na bibi harusi anavyopunga mkono dirishani, na majirani waliopita walidhani wamegombana, walipokaribia wakakuta wanacheka.

Msidhani nampigia debe mwenye king'amuzi. Bei yake ni kali, na kinamama walifanya vyema kuchangishana. Asiye na uwezo aende banda la video, na aliyepata ya bure ashukuru. Ila huyu Ambakisye alipima filamu kwa kipimo cha viazi, akaleta nyumbani vingi ambavyo havikumkalisha chini hata mara moja, huku kile kidogo cha kukodi, chenye saa yake ya kufungwa, kikimrudishia mkewe. Nanyi mlioketi hapa, kila mmoja amekodishiwa watu wake, wala hakuonyeshwa saa ya kufunga. Je, huyo aliye ubavuni mwako leo, naye unadhani yupo tu?