Mwana wa Ijumaa

Sogeeni. Anayetafuta kicheko aende kwingine, maana hii kila nikiisimulia huniharibia siku.

Palikuwa na bibi mmoja, Bi Zuhuru, macho yamemwisha, anaishi peke yake, wanawe wawili wako mbali. Mkubwa, Twalibu, alijaliwa riziki: maghala matatu mjini, na siku zote yuko mbioni. Mdogo, Nasibu, alikuwa kibarua ng'ambo. Yeye alijaliwa kumbukumbu, hakusahau hata rangi ya kanga aliyobebewa. Wa tatu, Shomari, hakuwa wa ukoo ule. Alikuwa mtu wa kutumwa, anakupangia foleni, anakuchukulia dawa, anakulipia umeme. Alijaliwa miguu isiyochoka na moyo laini, na huo moyo ndio uliomponza.

Twalibu alipomwajiri, Shomari aliweka mipaka yake mapema.

"Kila Ijumaa baada ya sala nitampelekea mama dawa na vitu vya sokoni. Nikishamkabidhi, naondoka. Kukaa naye ni kazi yenu, kaka, si yangu."

"Tumeelewana," akasema Twalibu.

Ijumaa ya kwanza, bibi alisikia hatua mlangoni akauliza, "Mwanangu, umekuja?" Shomari alitaka kusema siye. Akauona uso wa yule mama ulivyochangamka. "Shikamoo mama," akasema tu, akakaa mpaka alasiri.

Siku ile ile akampigia simu Twalibu. "Kaka, mama ananidhania mwanawe, wala hataji ni yupi. Njoo mwenyewe, mimi hii siiwezi."

"Mwezi ujao nakuja. Kwa sasa mwache aamini hivyo, kuna ubaya gani?"

Mwezi ujao ukaja ukapita, na mingine nyuma yake. Lakini tusimwonee Twalibu: dawa haikukosekana hata wiki moja, wala unga, wala nauli ya Shomari.

Nasibu alipojua, hakukemea. Kila Alhamisi alimpigia Shomari akamsimulia mambo ya utotoni: siku walipomficha mbuzi uvunguni, nyimbo walizobembelezewa, namna mama alivyowatisha kwa mwiko asiwapige. "Mwambie haya acheke," alisema, huku analia upande wa pili. Bila hayo bibi angemgundua Shomari ndani ya wiki mbili.

Na Shomari alikwenda. Mvua, jua, miaka minne. Alimkata kucha, akamlisha uji alipolegea, na kila Ijumaa alirudi kwake anajichukia. Alikuwa amempenda yule mama kweli, na kila alivyozidi kumpenda ndivyo alivyozidi kushindwa kumwambia.

Bibi alipozidiwa, alimwachia jirani yake wasia: "Nikiingizwa kaburini, anipokee kichwani mwanangu aliyekuwa akija Ijumaa. Mwingine simtaki." Akakata roho Jumatano, peke yake.

Wanawe wakaja, wamechelewa kwa kila kitu isipokuwa maziko. Pale makaburini, wa miguuni na wa kiunoni walikwishashuka kaburini kuupokea mwili, amebaki wa kichwani, ndipo imamu akautoa wasia aliopewa na jirani.

Twalibu akavua viatu. "Kila Ijumaa ni mimi niliyemtuma Shomari. Bila mimi huyu asingeujua hata mlango wa mama."

"Na kilichomfurahisha ni maneno yangu," Nasibu akasema. "Mwana aliyekuwa akizungumza naye ni mimi."

Shomari alisimama nyuma ya watu, hakudai kitu. Imamu akamwita, akamwuliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuja," akasema. "Lakini mwanawe sikuwa." Kisha akainamisha kichwa, maana alitamani kushuka kuliko alivyowahi kutamani jambo lolote, na hakuona haki yake iko wapi.

Mwili umefika ukingoni, na wa kuulizwa hasikii tena. Yeyote atakayeshuka, mama yule hampati aliyemtaka. Haya, mliosikiliza: ungekuwa wewe ndiye imamu, ungemshusha nani?