Jino la Mwandoe

Aliyeumwa huuma, lakini jino ni lake.

Bibi Wakio aliyatamka maneno hayo akichambua maharage, bila kuinua kichwa. Wajukuu wake wawili, Chao na Mghoi, walikuwa wakibishana tangu asubuhi juu ya kitabu cha falme na uchawi walichokuwa wakikisoma kwa zamu. Katika kitabu hicho kuna malkia aliyechoma miji. Chao alikuwa amefika pale utoto wa malkia unaposimuliwa, akalia mpaka ukurasa ukalowa, na sasa hakutaka mtu yeyote amwite malkia huyo mwovu. Mghoi naye alitaka kujua machozi ni ya nini wakati miji imekwisha kuwa majivu.

"Sasa Bibi, hapo umemtetea nani?" Chao aliuliza. "Na maneno hayo yametoka wapi?"

Bibi akausogeza ungo kando. "Methali hii ilianza hivi," akasema.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Kighombo, ubavuni mwa mlima, na juu yake yalikuwapo majabali alikoishi kiumbe ambaye watu walimwita Zimwi. Umbo lake lilikuwa la mtu, ila kinywani mwake lilichomoza jino moja la chui. Hakuua. Aliyeumwa naye alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akajilaza macho wazi, na tangu hapo hakumjua mama wala mwana. Ukimtia uji mdomoni alimeza, ukimwita hakuitika. Wawindaji waliwahi kumkamata Zimwi huyo, wakajaribu kuling'oa jino hilo kwa koleo. Koleo likapinda, jino halikutikisika, naye akawaponyoka.

Wakesho alikuwa mfinyanzi wa vyungu katika kijiji hicho. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na alibaki na mdogo wake mmoja tu, Mkawasi, aliyemlea kama mwanawe. Siku Mkawasi alipotoka kuokota kuni akarudi na macho yale ya wazi, Wakesho alimlaza, akamfunika, akachukua panga, akapanda mlimani.

Alimkuta Zimwi mlangoni mwa pango, mwanamume mwembamba wa makamo, akichoma kiazi.

"Ukitaka kukata, kata," mtu yule alimwambia. "Ila jina langu ni Mwandoe. Miaka mingi hakuna aliyeniuliza."

Wakesho hakuwa amejiandaa kukutana na jina. Akalishusha panga. Mwandoe akamsimulia: alipokuwa mtoto, chui alikuwa akiwamaliza mbuzi wa Kighombo, na wazee wakashauriana wamtegee chambo.

"Mbuzi walikuwa na wenyewe," alisema. "Mimi yatima sikuwa na mwenyewe. Wakanifunga kamba mlangoni pa zizi."

Chui akamng'ata bega, jino likamkatikia mwilini, mnyama akakimbia asirudi tena. Kulipokucha jeraha la mtoto lilikuwa limefumba, na jino lile limeota kinywani mwake. Alipojikongoja hadi majumbani, milango ilifungwa, akarushiwa mawe. Mwandoe akanyoosha mikono, na kwenye vifundo vya mikono alama za kamba zilikuwa bado zinaonekana.

Wakesho alikumbuka jinsi wazee walivyopenda kuutaja mwaka chui alipofukuzwa, na jinsi walivyobadili mazungumzo kila mtu alipouliza alifukuzwaje. Akaketi palepale, akalia.

"Nami ningelia," Chao alidakia.

"Ungelia, na ungefanya vyema," Bibi akasema. "Lakini sikiliza alichofanya baadaye."

Wakesho alishuka akawaambia watu wasimwite tena Zimwi, kwa kuwa ana jina. Juma lile zamu ya kulinda njia ya majabalini ilikuwa yake. Mlinzi alipomwona Mwandoe akishuka alipaswa kupuliza pembe, watu wakimbilie ndani. Jioni moja Wakesho alimwona anashuka polepole, kichwa chini. Akajiambia kwamba huyu ni mpweke tu, amekuja kuwatazama wenzake kwa mbali. Akaiteremsha pembe.

Haukupita muda, jirani yake Mghenyi akarudi kutoka mtoni na macho yale ya wazi. Mghenyi alikuwa ananyonyesha. Wakesho alisimama mlangoni pake akamwona mtoto akilitafuta titi, na mama akilitazama paa kama mtu asiye na habari na chochote. Hakupata usingizi. Alimwonea Mwandoe huruma vilevile kama jana; huruma haikupungua hata kidogo, na hilo ndilo lililomtesa.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Maganga, mkongwe kuliko wote kijijini.

"Babu, nani alifunga ile kamba?"

Mzee aliitazama mikono yake. "Mimi," akasema.

"Basi twende."

Akambeba mtoto wa Mghenyi mgongoni, akamshika mzee mkono, wakapanda. Panga aliliacha nyumbani.

Mwandoe alipomwona Maganga alisimama kwa ghadhabu. "Huyo ndiye aliyenitia jino hili!"

"Ni kweli," mzee akajibu. "Ulikuwa ukiniita baba mdogo, nami nikakaza fundo. Hukuwa na kosa lolote, mwanangu. Kosa lilikuwa letu."

Wakesho akamfungua mtoto mgongoni, akamleta mbele.

"Nimekulilia, Mwandoe, na sijutii chozi hata moja. Sasa niambie, huyu alikufunga kamba gani? Hata mama yake alikuwa hajazaliwa."

"Aliyeumwa huuma," Mwandoe akasema kwa sauti ndogo.

"Huuma. Lakini jino ni lako. Walilitia wao, aliyemuuma mdogo wangu ni wewe."

Mtoto alikuwa analia kwa njaa. Mwandoe alimtazama, akageuka, akamtazama tena.

"Siku nyingi nimejua kwamba mkono wangu unaweza kuling'oa," alisema mwishowe. "Wangu tu."

"Mbona umeliacha?"

"Nikiling'oa, nitabaki na nini? Nani atajua nilichotendewa?"

"Nitajua mimi," Maganga akasema. "Nitalisema mbele ya kila mtu, na nikifa watalisema wanangu."

Mwandoe akaingiza vidole kinywani. Wakesho alitarajia damu na ukelele. Jino lilitoka kama jino la utoto, na mwenyewe akabaki akilishangaa kiganjani.

Walipokuwa bado njiani kushuka, walimwona Mghenyi akiwapandia mbio, kanga yake imelowa maziwa.

"Nyinyi watu! Mnamchukua mwanangu bila kuniaga?"

Wakesho alicheka mpaka akashindwa kujibu. Akampa mwana, akakimbia nyumbani. Mkawasi alikuwa ameketi kitandani, nywele timutimu, amekunja uso.

"Dada, kuni zangu nimeziacha wapi?"

Wakesho alikaa chini sakafuni, na pumzi aliyoibana tangu siku ile ikamtoka yote, ndefu, kama upepo unaotoka kwenye mvukuto. Kutoka nyumba hata nyumba zilisikika sauti za watu wakiulizia viatu vyao, majembe yao, chakula chao.

Maganga alitimiza ahadi. Aliisema habari ya kamba mbele ya kijiji kizima, na Mwandoe akapewa kiwanja na shamba. Wengine walimkaribisha kula tangu siku ya kwanza. Mghenyi hakumsalimu kwa miaka. Mwandoe alimpelekea kuni mlangoni kila juma, akaondoka bila kudai salamu.

Watoto waliozaliwa baadaye walipenda kumuuliza kuhusu pengo lake. Mara nyingi mtu mzima aliyekuwa karibu alimwahi kujibu, akaeleza habari za yatima, kamba na chui, watoto wakaingiwa na huruma. Mwandoe aliacha hadithi ifike mwisho, kwa sababu ilikuwa ya kweli na alipenda kuisikia ikisemwa. Kisha alimalizia mwenyewe:

"Aliyeumwa huuma, wanangu. Lakini jino ni lake."