Siku Nyani na Ngiri Walipokunywa Pamoja

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko yao na nyua zao za kufagia, nchi ya Majabali ilitawaliwa na Fisi. Dhalimu huyo aliingia nyumba ya mtu mchana kweupe akabeba chungu kizima, na asiulizwe.

Wanyama wakaomba msaada ng'ambo ya mto. Jemadari Nyati akavuka na jeshi lake, tifu tifu tifu, vumbi juu! Fisi akatimua mbio hata hakutazama nyuma. Vigelegele vikapigwa nchi nzima.

Lakini manyati hawakurudi kwao. Walimaliza majani, wakakikalia kisima, na wenyeji wakawa wanapanga foleni kuomba maji yao wenyewe. Walipouliza wageni wataondoka lini, Jemadari alijibu kwamba nchi bado haijatulia. Na kweli haikutulia, maana ukoo wa Nyani na ukoo wa Ngiri walikuwa wakiumizana kila kukicha.

Bi Pimbi, mdogo kuliko wote, alichoka kuwalaza wanawe na kiu. Akamwendea Jemadari mbele ya askari wake, akamsifu weee, kisha akamwomba awaeleze nchi iliyotulia ikoje.

Jemadari akacheka. "Siku Nyani na Ngiri watakapokunywa pamoja kisimani, tutarudi kwetu. Naapa kwa pembe zangu."

Askari walikuwa wamewakumbuka wake zao. Wakalishika neno hilo.

Bi Pimbi alikuwa na shaka yake. Alimwita Ngiri, akambembeleza mpaka akakubali kujificha nyuma ya nyumba ya Nyani. Kisha akampelekea Jemadari habari kwamba Nyani ameanza kutaka suluhu.

Jemadari akaja mbio, anahema. "Ndugu yangu Nyani, usilegee. Ngiri amepanga kukuchomea nyumba."

Alipokwisha kwenda zake, Ngiri akajitokeza polepole.

"Jirani," akasema, "maneno hayo hayo aliniambia mimi jana. Ila mchomaji ulikuwa wewe."

Nyani alikaa chini, akashika kichwa. Bi Pimbi akawaacha wazungumze.

Asubuhi alieneza uvumi kwamba leo kisimani patakuwa na vita ambayo haijapata kuonekana. Jemadari kwa furaha akaliita jeshi lote lije lishuhudie nchi ilivyo na fujo.

Koo mbili zikafika. Nyani akachota maji kwa kata, akampa Ngiri. Ngiri akanywa, gubu gubu gubu, akamrudishia. Nyani naye akanywa.

Askari mmoja akageuka, akashika njia ya mtoni. Mwingine akamfuata, kisha wote, wanaimba. Jemadari aliamuru, akafoka, akatishia, wala hakuna aliyesimama. Alipojiona yuko peke yake kati ya wenyeji, akainamisha pembe zake akawafuata.

Watoto wa Bi Pimbi walikuwa wameshafika kisimani, wamelowa mpaka masikioni.

Basi jueni, wanangu: ndugu wakipatana, anayeshiba kwa ugomvi wao hufunga virago.