Wivu Sina na Mapengo Matatu

Mwaka ule mvua iliisahau mbuga kabisa. Visima vilikauka, matope yakawa vumbi, na vyura wakahama bila kuaga. Maji yalibaki mtoni tu, nyuma ya vilima viwili, na aliyetaka kunywa ilimbidi awasubiri wachukuzi wenye mikokoteni wayalete kwa mapipa.

Kiu ikileta haraka, haraka huleta vurugu. Haikupita wiki, mapipa yakawa yanapinduka njiani na wazee wenye heshima zao wanarukia miibani kuokoa roho. Ndipo Simba, mfalme asiyependa jambo lolote lifanyike bila yeye kutajwa, akapanda juu ya jabali kutangaza sheria.

"Kila mchukuzi atavaa leseni shingoni, kipande cha kibuyu nilichokigusa kwa ukucha wangu mwenyewe!" alinguruma. "Pale wanapovukia vifaranga wa Kanga, ni mwendo wa hatua. Atakayekimbia atatoa faini, pipa moja la maji kwa wagonjwa, na leseni yake itakatwa pengo. Mapengo matatu, leseni naichukua mpaka mvua zinyeshe. Nimesema mimi!"

Kobe akawekwa kivukoni kuwa trafiki. Alikuwa mwaminifu, humhongi hata kwa jani la mchicha. Ila alikuwa na kasoro moja: akisikia kishindo aliingiza kichwa ndani ya gamba kwanza, na akikitoa, mkosaji keshapita. Alichoambulia ni vumbi na maandishi ya nyuma ya mkokoteni.

Miongoni mwa wachukuzi alikuwamo Ngiri, baba wa watoto sita, mwenye nguvu na moyo safi, lakini kumbukumbu yake ilikuwa gunia lililotoboka. Ngiri mnamjua. Akishtuka hutimka mkia juu, kisha katikati ya mbio husahau anakimbia nini, akasimama kula majani. Mkokoteni hakuwa nao. Alivuta kwa kupokezana, bila zamu maalumu, na mwenye mkokoteni, Fisi, ambaye alikuwa ameuandika nyuma kwa herufi nyekundu: WIVU SINA.

Wivu labda hakuwa nao. Tamaa alikuwa nayo ya kutosha mbuga tatu. Kila pipa lililofika lilimpa aliyelivuta kata moja ya maji ya nyongeza, kwa hiyo Fisi alipoushika mkokoteni alikwenda mbio tangu mtoni hadi uwanja wa kugawia maji, kivuko kisiwe kivuko, vifaranga wasiwe vifaranga.

Siku moja Kobe alikuja taratibu hadi uwanjani. "WIVU SINA umepita mbio kivukoni," alisema. "Nani alikuwa anavuta?"

Fisi alimgeukia Ngiri kwa sauti ya asali. "Ndugu yangu, si wewe? Ile safari ya jua kali, ulipokuwa umesimamisha mkia juu?"

Ngiri alijikuna kichwa. Mkia juu, hilo lilifanana naye. "Labda ni mimi," alisema.

"Wala usihangaike. Faini nitakulipia. Tutashindwa kufaana sisi ndugu?"

Pipa likalipwa, leseni ya Ngiri ikakatwa pengo, na Ngiri akarudi nyumbani akimsifu Fisi njia nzima. Baada ya siku chache mambo yakawa yale yale. Kobe aliuliza, Fisi alikumbusha, Ngiri alikubali, leseni ikapata pengo la pili. Sasa ilifanana na kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Kisha siku moja jioni Kanga alipiga yowe ambalo mbuga nzima ililisikia. Kifaranga wake wa mwisho amegongwa, mguu umevunjika. Kobe alikuwa ameona vumbi, na ndani ya vumbi, herufi nyekundu. Baraza likaitishwa asubuhi ya pili yake.

Jioni ile ile Sungura alimkuta Ngiri amejiinamia kando ya njia, machozi yanapita juu ya pembe zake.

"Unalilia nini, jirani?"

"Kesho nakatwa pengo la tatu. Watoto wangu watakunywa nini? Na ajabu yake, faini zote zimelipwa!"

"Faini imelipwa, sawa. Pengo je, limeziba?"

Ngiri aliishika leseni yake akaipapasa. Mapengo yalikuwepo yote mawili.

"Sikiliza," alisema Sungura. "Faini anaweza kuilipa yeyote mwenye pipa. Pengo humkaa yule anayesema 'ni mimi'. Fisi anatoa pipa moja, wewe unatoa riziki ya wanao. Huo ndio udugu anaokusifia?"

"Lakini huenda ni mimi kweli, Sungura. Sikumbuki. Na kama ni mimi niliyemvunja mtoto wa watu mguu, basi leseni na waichukue tu."

Sungura, ambaye mzaha haukosekani mdomoni mwake, safari hii aliuweka kando. Alimwonea huruma. "Kesho ukiulizwa," alisema mwishowe, "usikiri usichokijua. Sema unachokijua, basi."

"Sijui kitu!"

"Vizuri sana. Sema hivyo hivyo."

Asubuhi uwanja ulijaa. Kanga alikaa mbele na kifaranga wake, mguu umefungwa kijiti. Simba alitikisa shungi na kuuliza nani alikuwa akivuta WIVU SINA.

"Mfalme, mimi sijui," alisema Ngiri.

"Ndugu yangu, si wewe?" Fisi alianza. "Mkia juu..."

"Mtukufu Mfalme," Sungura alidakia, akiinama mpaka masikio yakagusa vumbi, "kabla ya hukumu, nina neno dogo. Ndege wapitao wanasema huku kwetu mfalme anajua kuadhibu tu, kuzawadia hajui. Nimewabishia mpaka nimechoka."

Shungi la Simba lilisimama. "Nani hajui kuzawadia? Mimi? Leteni lile paja la nyati la jana! Kuna mfupa mle mnene kuliko shingo ya Sungura. Nampa aliyevuta safari nyingi kuliko wote, sasa hivi, mbele ya baraza!"

Mate yalimtoka Fisi hata akasahau alichokuwa akikisema.

"Mkokoteni uliopita mara nyingi ni WIVU SINA," alisema Sungura kwa masikitiko. "Tatizo una wavutaji wawili, na mfupa ni mmoja. Sijui tumpe Ngiri..."

"Ngiri!" Fisi aliruka katikati ya uwanja. "Ngiri amevuta nini? Mfalme, tangu kiangazi kianze safari zote ni zangu! Asubuhi mimi, mchana mimi, jioni mimi! Huyu anashinda akigaragara tu. Naapa mbele yako!"

"Umeapa?"

"Nimeapa!"

Simba akamrushia mfupa. Fisi aliudaka hewani, akaukumbatia.

"Mzee Kobe," Sungura aliita polepole, "hebu tukumbushe. WIVU SINA umepita mbio mara ngapi?"

"Mara tatu," alisema Kobe. "Ila mvutaji sikumwona."

"Si kitu. Ametuambia mwenyewe."

Fisi aliacha kutafuna. "La, la! Zile tatu... zile tatu alivuta Ngiri!"

Simba aliinuka taratibu. "Fisi. Umeapa mbele yangu kwamba zote ni zako. Sasa unataka kuniambia umenidanganya, mimi, mbele ya raia zangu?"

Fisi aliutazama mfupa, akalitazama jino la mfalme, akaona hakuna pa kutokea. "Hapana, Mfalme. Zote ni zangu."

"Basi na mapengo ni yako. Faini mbili ulikwisha lipa, ya tatu utailipa leo. Leseni lete hapa. Ngiri apewe kibuyu kipya kisicho na pengo, na mkokoteni atauvuta yeye mpaka mvua zinyeshe. Mfupa kaa nao, ahadi yangu haivunjwi."

Kanga alipiga kigelegele. Ngiri alicheka na kulia kwa pamoja, na nusura asahau kwa nini.

Tangu siku hiyo WIVU SINA ulipita kivukoni kwa hatua. Ngiri alisimama kila mara kumsubiri yule kifaranga wa kijiti achechemee mpaka ng'ambo, na mara nyingine alisahau amesimamia nini, mpaka Kobe amwambie, "Haya, nenda, baba." Uwanjani palikuwa na foleni ya wenye kiu, na mwisho kabisa wa foleni alisimama Fisi, koo limemkauka kwa kutafuna mfupa mkavu, akingoja kata moja kutoka mkononi mwa Ngiri.

Njia ya mwongo ni fupi.