Kitambaa Juu ya Paneli

Paneli haivikwi kitambaa. Methali hiyo mmeisikia leo asubuhi pale shuleni, Bibi Melania akimwambia binti yake Perpetua, nanyi mkacheka kwa sababu wakubwa walicheka. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Endeleeni kupura hizo alizeti, maana masikio hayahitaji mikono, nami nitawaeleza chanzo chake. Wala msidhani ni ya mababu. Ina umri wa miaka michache tu, na ilizaliwa nikiwa nimesimama pale pale, nyumba ya pili kutoka hapa.

Bibi Melania hakuwa na mwenzake kwa kufuma vitambaa. Ukiingia nyumbani kwake ulikuta kila kitu kimevaa. Redio ilikuwa na kitambaa, mtungi wa maji ulikuwa na kitambaa, na chupa ya chai ilipambwa kama bibi harusi. Mumewe, marehemu Msengi, alizoea kumtania: "Siku nikichelewa kuamka, nami utanifunika."

Msengi aliugua ghafla msimu mmoja wa mvua. Tulitafuta gari la kumpeleka hospitali, tukalikosa. Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na kabla hatujafika ng'ambo ya korongo, akakata roho. Melania alimfunika kifuani kitambaa cheupe alichokuwa hajakimaliza, uzi bado unaning'inia. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na uzi ule sijausahau mpaka leo.

Alibaki na Perpetua, mtoto wake wa pekee. Binti huyo alipomaliza kulia alisema hivi: baba yangu amekufa kwa kukosa chombo, basi mimi nitaleta chombo. Akajiunga na kikundi cha akina mama waliokuwa wamepata bajaji ya umeme, wakamkabidhi aijaribu mpaka mwisho wa mavuno. Akiiweza ingekuwa yake. Akishindwa, ingeondoka kwenda kijiji kingine.

Fundi wa sola akaja akapanga paneli nne juu ya tembe lao. Mnajua paa la tembe lilivyo, ni bapa na liko chini, mtu akisimama juu ya kigoda analifikia kwa mkono. Chumbani akaweka betri kubwa. Perpetua angeondoka alfajiri na bajaji, paneli zingekusanya jua mchana kutwa na kujaza betri ile, na jioni bajaji ingerudi kunywa humo. Jambo lilikuwa rahisi hivyo.

Melania hakumkataza binti yake. Lakini kila alfajiri alisimama mlangoni na kumwambia maneno yale yale: "Polepole, mwanangu. Ukiona lori, simama kabisa. Na korongo usilivuke." Perpetua aliitikia, "Ndiyo, mama," kisha akalivuka, kwa kuwa zahanati, hospitali na mashine ya kukamua alizeti vyote viko ng'ambo.

Mwanzoni bajaji ilikimbia vizuri, na sisi tuliomcheka tukanyamaza. Halafu ikaanza kuchoka. Siku moja ilishindwa kilima cha kanisani. Baadaye ikawa haifiki hata kilimani. Siku nyingine ilizimika na magunia yangu ya alizeti, nami mwenyewe nimekaa juu yake kama mfalme, jua la saa nane likituchoma utosini.

"Jua lote hili," nikamwambia Perpetua, "na wewe huna hata tone?"

Alicheka, ila macho yalikuwa yamemjaa machozi. Vijana wa bodaboda wakapita wakipiga honi. "Dada, hiyo ni ya kuchajia simu!" Akina mama wenye watoto wa kliniki wakaanza kumkwepa, na nani angewalaumu? Fundi alipoitwa alifika jioni, akagongagonga, akazikuta paneli zinang'aa kuliko siku aliyozifunga. Akasema labda ni mawingu. Mawingu gani, Singida hii, wakati wa mavuno?

Mavuno yalikuwa karibu kwisha. Ndipo mchana mmoja bajaji ikazimika si mbali na nyumbani, tukaja mimi na Perpetua kwa miguu kutafuta watu wa kuisukuma. Tulipotokeza uani, Perpetua akasimama ghafla.

Juu ya tembe kulikuwa na kitambaa. Cheupe, kipana kama shuka, kimefumwa maua mazito kutoka pembe hadi pembe, na kingo zake zimewekewa mawe upepo usikichukue. Melania alikuwa juu ya kigoda akikinyoosha kwa kiganja, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Mama, unafanya nini?"

Melania akageuka akitabasamu. "Umerudi mapema! Basi ona, nimekimaliza. Nilianza na paneli moja, nikawa naongeza kila nikipata uzi, leo kimetosha zote. Jua hili lingeziunguza, mwanangu. Na vumbi je? Jioni nakitoa nakifua, wewe unazikuta safi."

Perpetua akakitazama kitambaa kile, kisha mama yake. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe hukutaka niende. Ungeniambia tu, mama."

"Nisingetaka, ningekufumia?"

"Paneli zinakula jua, mama. Ndicho chakula chake. Umezifunga mdomo."

Tabasamu likamtoka Melania polepole. Akaangalia juu, akaangalia kitambaa. "Zinakula jua hili hili ninalozikinga nalo?"

"Hili hili."

Nilitamani nisiwepo. Mama yule alikuwa ameshika ukingo wa paa kwa mikono ile ile iliyofuma maua yale yote. "Mimi kitu nikikipenda nakifunika," akasema. "Sijui namna nyingine. Hata baba yako nilimfunika, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa."

Hasira ya Perpetua ikaishia hapo. Akamwendea mama yake na kumkumbatia kiunoni, yeye chini, mama juu ya kigoda, na wote wawili wakalia. Mimi nikajifanya nahesabu mbuzi.

Kisha Melania akauliza, "Na wewe je? Nawe nimekufunika?"

"Kila alfajiri, mama. Unaniambia nisivuke korongo. Lakini mgonjwa akiokolewa, anaokolewa ng'ambo."

Melania aliondoa mawe, moja baada ya jingine, akakivuta kitambaa na kukikunja juu ya kifua chake. Jua likazipiga paneli hata tukafumba macho. Ndipo akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe paneli haivikwi kitambaa."

Alfajiri iliyofuata nilimwona mlangoni kwake kama kawaida. Akafungua kinywa, "Pole..." akalimeza neno. Akamshika binti yake shavu na kusema, "Nenda, mwanangu. Vuka."

Betri ilijaa siku zile hata umeme ukabaki. Kabla mavuno hayajaisha, mke wa jirani yetu Mpondo alishikwa na uchungu, na bajaji ikavuka korongo na kupanda kilima cha kanisani bila kukohoa. Mtoto aliyezaliwa ndiye huyu binti anayetuibia mbegu hapa akidhani simwoni. Bajaji ikawa ya Perpetua. Na kile kitambaa Melania alikifunga kwenye kiti cha abiria, mgonjwa apate mahali laini pa kuegemeza kichwa, kwani Msengi wake aliegemeza chake kwenye ubao.

Tangu hapo, mzazi akimzuia mwanawe asiende kujifunza ufundi, au mume akimfungia mke kipaji chake ndani kwa kisingizio cha mapenzi, atakutana na maneno hayo ya Melania. Yametembea kuliko hata bajaji yenyewe.

Sasa turudi kwenye kicheko chenu. Leo Perpetua alimpeleka mwanawe, Msengi mdogo, kuanza chekechea. Mmemwona mlangoni mwa darasa, amemvalisha mtoto sweta na kofia kwenye joto hili, amemng'ang'ania mkono huku akimwagiza mwalimu asimruhusu kukimbia. Yule yule Perpetua! Bibi Melania akasogea, akamfungua mjukuu wake vifungo vya sweta, akasema maneno yake. Perpetua akaachia mkono, na mtoto akakimbilia kwa wenzake bila kugeuka nyuma.

Hapo ndipo mlipocheka, na kwa kucheka hamkuona kilichofuata. Bibi Melania alifungua pindo la khanga yake, akatoa kitambaa kidogo cheupe, akampa binti yake afute machozi. Kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo ya kwake akayafuta kwa kiganja. Halafu wakasimama pamoja juani, wakimtazama mtoto anavyokimbia.

Paneli haivikwi kitambaa.