Mize na Joka la Kisimani

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na kisima."
"Maji?"
"Tele."
"Wanywaji?"
"Hakuna hata mmoja!"

Hapo kale, katika mji mmoja, heshima ya mtu mzima ilikuwa nguo ibururike chini. Kufunga nguo kiunoni waliachiwa watoto wachezao matopeni. Basi akaja Chatu, joka refu, akakizinga kisima chao cha pekee, kichwa kikakutana na mkia, akaimba:

"Nimezinga, nimezingira,
atakaye maji na aje!"

Akaenda mwanamume mmoja, Shauri, na mkuki. Chatu akadaka pindo la nguo, akamvuta, akammeza. Akaenda Mkoma na shoka. Pindo likadakwa, akavutwa, akamezwa. Mji mzima ukanywea, mitungi ikakauka.

Mize alikuwa akimuuguza mama yake, Bi Kirembo. Homa kali, midomo imempasuka kwa kiu. Mize alimtazama, moyo ukamuuma. Akaikunja leso yake, akaizungusha kiunoni, akakaza fundo.

"Mize! Utaniaibisha mbele ya watu!"

"Mama, aibu nitaiona nikirudi."

Njiani wakamcheka. Yeye huyoo, mtungi mkononi.

Chatu akarusha kichwa adake pindo. Pindo halipo!

"We mwanamke, nguo yako iko wapi?"

"Ninayo. Nifuate uione."

Mize akakizunguka kisima mbio, Chatu nyuma. Mara ya kwanza, joka likajipinda. Mara ya pili, likajikunja. Mara ya tatu, likajifunga fundo lenyewe, hata pumzi halipati. Jamani, mwanamke yule! Akainama, akateka maji yake taratibu, wala hakumwaga tone.

Watu wakaja na mapanga, wakalipasua joka. Akatoka Shauri, akatoka Mkoma, wazima wote, ila nguo zao hazikutamanika.

Bi Kirembo akanywa, akanywa, akanywa. Akafuta midomo, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, lete leso. Nifunge na mimi."

Nguo ile ya kiunoni wakaiita kibwebwe. Na hadi leo, mtu akiivalia kazi njuga, tunasema amejifunga kibwebwe. Heshima inayokuzuia kumtekea mama yako maji, hiyo ni nguo tu.

Hadithi yangu naiachia hapo. Iliyowakolea chukueni, iliyochacha nirudishieni. Na wewe unayesinzia hapo, hebu inuka: koo langu limekauka, na mtungi ule pale.